Bure Peke Yake Haiuzi

Tarehe 13 Oktoba 2008, siku toleo la 3.0 la OpenOffice.org lilipotoka, tovuti ya mradi ilizidiwa ikalala. Watu waliomiminika kupakua programu hiyo ya ofisi walikuwa wengi kuliko seva zilivyoweza kubeba, na wasimamizi wakalazimika kuweka ukurasa mwepesi wa dharura wenye viungo vya kupakulia na si zaidi. Ndani ya wiki moja nakala zilizopakuliwa zilifika milioni 3. Wengi wa waliopakua walikuwa watumiaji wa Windows, wala si wapenzi wa Linux waliokuwa wakidhaniwa ndio wateja wa asili wa programu huria.

Kila timu ya chanzo huria hutamani siku kama hiyo, lakini chache huipangia. Miezi inapita watu wakiandika msimbo, kisha wiki ya mwisho mmoja wao anaombwa aandike chochote cha kutangazia. Anachoandika huwa orodha ndefu ya vipengele vipya, na juu yake, kwa herufi kubwa, neno BURE. Halafu watu wanashangaa kwa nini ofisi ya jirani bado inatumia Microsoft Office ya mwaka 2010 ambayo hakuna anayekumbuka ilinunuliwa wapi.

Mara nyingi haikununuliwa. Katika miji ya Afrika Mashariki, mshindani halisi wa programu huria ya ofisi ni nakala ya kukraki iliyomo kwenye flashi ya fundi kompyuta. Mteja analeta laptop iliyojaa virusi, fundi anaifuta, anapiga Windows upya, na Office inaingia humohumo kama nyongeza. Kumwambia mtu huyo kwamba LibreOffice, mrithi wa OpenOffice.org, ni ya bure ni kumwambia jambo lisilomgusa. Yake pia hakuilipia, na inafanana na ile aliyofundishwa chuoni.

Mpango wa masoko, basi, uanzie kwenye gharama ambayo mtumiaji ataibeba kweli akihama. Gharama hiyo haihesabiwi kwa shilingi. Ni faili zake za miaka iliyopita, violezo vya barua za ofisi, mazoea ya vidole vyake, na aibu ya kutuma waraka ukafunguka vibaya mezani kwa bosi.

Ichukuliwe barua ya kawaida ya ofisi, ukurasa mmoja, sahihi chini. Imeandikwa kwa Calibri, fonti ambayo kuanzia Office 2007 ilikuwa ikija yenyewe kila ukurasa mpya wa Word unapofunguliwa, kwa miaka mingi. Kompyuta isiyo na Calibri itachagua fonti nyingine. Herufi zake zikiwa pana kidogo tu, mistari inakatika pengine, aya inaongezeka mstari mmoja, na sahihi ya mkurugenzi inaangukia ukurasa wa pili, peke yake. Katibu muhtasi haulizi habari za fonti. Anasema programu ni mbovu, na kauli hiyo inazunguka jengo zima kabla ya chai ya saa nne.

LibreOffice walilishughulikia jambo hili. Tangu toleo la 4.4, la mwaka 2015, programu huja na fonti za Carlito na Caladea, zilizochorwa ili kila herufi iwe na upana uleule wa mwenzake katika Calibri na Cambria. Mistari inabaki ilipokuwa. Habari ya namna hii ina thamani kubwa masokoni, ilimradi isimuliwe kwa lugha ya sahihi iliyoangukia ukurasa wa pili. Vipimo vya fonti viachiwe wanaovipenda.

Timu iliyojipanga hukusanya nyaraka halisi za watu inaotaka kuwafikia, miezi miwili au mitatu kabla ya toleo: fomu ya likizo, hesabu za kikoba, matokeo ya darasa yenye safu za alama na wastani, muhtasari wa kikao wenye nembo ya taasisi. Zikusanywe kwa ruhusa, majina yakiwa yamefutwa. Zote hufunguliwa kwenye toleo la majaribio. Inayovunjika inaripotiwa kwa watengenezaji kama hitilafu, na mapema ili pawepo muda wa kuirekebisha. Inayosimama imara inazaa sentensi moja ya tangazo, tena sentensi ya kweli.

Kisha lipo swali la nani hasa aambiwe. Jibu la kwanza la timu nyingi ni "umma", na umma hauna anwani. Fundi kompyuta anayo. Mwenye steshenari ya Dar es Salaam inayochapa na kuprinti CV anayo, na mwenye saiba ya Nairobi vilevile. Hawa ndio wanaoamua kompyuta za mtaa ziwe na nini, na mtu mmoja wa aina hiyo akishawishika, wateja wake wote wanaiona programu bila kutangaziwa.

Wawekewe mazingira. Kisakinishi cha LibreOffice kwa Windows kina takriban megabaiti 350, na msaada wa kusoma bila intaneti ni faili ya pembeni. Kwa anayeishi kwa bando la siku, hilo ni jambo la kufikiriwa mara mbili. Kwa mwenye flashi ni kunakili tu. Kifurushi cha fundi kinahitaji folda moja: kisakinishi, faili ya msaada, na karatasi ya A4 yenye picha zinazoonyesha hatua za kusakinisha na mambo machache ambayo mteja atayauliza siku ya kwanza. Jambo mojawapo kwenye karatasi hiyo liwe namna ya kuifanya programu ihifadhi faili kwa muundo wa docx bila kuuliza kila mara.

Hapa wapenzi wa ODF watanuna, na wana hoja. ODF ni muundo wa wazi uliopitishwa na OASIS mwaka 2005, ukawa kiwango cha kimataifa cha ISO mwaka 2006, na serikali ya Uingereza ikauchagua mwaka 2014 kwa nyaraka zinazohaririwa. Ni muundo usiomilikiwa na kampuni moja, na faili zake zitasomeka hata muuzaji fulani akifunga duka. Lakini mhitimu anayetuma maombi ya kazi, akajibiwa na ofisi ya rasilimali watu kwamba faili yake haifunguki, hatakumbuka hoja hiyo. Atakumbuka kazi aliyoikosa. Yanayokwenda nje yaende kwa docx au PDF. ODF ianze na yanayobaki ndani, ambako mwenye faili ndiye pia mwenye kuamua.

Fundi naye ana tumbo. Leseni inamruhusu kusakinisha kwa malipo, kufundisha kwa malipo na kutengeneza violezo kwa malipo. Hilo aambiwe waziwazi, kwa sababu wengi hudhani kilicho huria hakitozwi hata kwa kazi ya mikono. Kwa mteja mwenye kampuni iliyosajiliwa, fundi anaweza pia kuleta hoja ya uhalali. OpenOffice.org waliwahi kuendesha kampeni nzima juu ya hoja hiyo, wakiwahimiza watu waachane na nakala za wizi. Ni hoja inayosikika kwa mwenye ofisi, risiti na wakaguzi. Mwanafunzi wa chuo haimshtui hata kidogo, na kumtisha ni kupoteza karatasi.

Serikali na mashirika makubwa yana lugha yao. Aprili 2024 jimbo la Schleswig-Holstein, kaskazini mwa Ujerumani, lilitangaza kuhamisha kompyuta zipatazo 30,000 za utumishi wa umma kwenda LibreOffice. Gharama za leseni zilitajwa, ila hoja iliyobebwa mbele ilikuwa mamlaka ya kidijitali: nani anashika taarifa za wananchi, na je, serikali inaweza kubadili mtoa huduma bila kuomba ruhusa ya mtu. Hoja hiyo ina pa kushikia hata huku, kwa kuwa Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zahanati au shirika linalotunza majina na hali za wagonjwa kwenye lahajedwali lina sababu ya kusikiliza habari za programu inayofanya kazi yote ndani ya kompyuta bila akaunti ya mtandaoni. Asiahidi mtu kwamba programu yenyewe inatimiza sheria. Laptop isiyo na nywila inavujisha siri vilevile, iwe na LibreOffice au isiwe nayo.

Upande wa kalenda, LibreOffice wana utaratibu wa kuigwa. Matoleo makubwa hutoka mara mbili kwa mwaka, karibu na Februari na Agosti, na tangu 2024 namba ya toleo ni mwaka na mwezi wake: 24.2, 24.8, 25.2. Kipengele kisichokuwa tayari husubiri zamu ijayo. Tarehe haisogezwi kwa ajili yake. Kwa mtu wa masoko hii ni zawadi, kwa sababu anaweza kuhesabu kurudi nyuma kutoka siku anayoijua. Picha za skrini zipigwe baada ya maandishi ya programu kufungwa, la sivyo zitaonyesha menyu ambayo haipo. Watafsiri wapate muda wao baada ya hapo. Waandishi wa habari wapewe taarifa siku kadhaa kabla, kwa makubaliano ya kutoichapisha kabla ya saa iliyotajwa. Na saa hiyo itajwe vizuri. Tangazo la 12:00 kwa saa za UTC ni saa tisa alasiri Dar es Salaam na Nairobi, ni saa nane mchana Kigali na Bujumbura, na mhariri aliyeambiwa "12" bila ufafanuzi anaweza kulitoa alfajiri akidhani amewahi.

Seva nazo ziwekwe mapema. Faili zisambazwe kwenye mashine nyingi za nchi mbalimbali, na ukurasa mwepesi wa kupakulia uandikwe kabla ya kuhitajika, kwa kuwa mwaka 2008 waliuandika moto ukiwa umeshawaka.

Jina la programu linadai tahadhari ya pekee. Ule mkia wa ".org" katika OpenOffice.org ulitokana na haki za alama ya biashara: jina OpenOffice peke yake lilikuwa na wenyewe. Brazil ilikuwa vigumu zaidi, na mradi ukalazimika kujiita BrOffice. Baada ya Oracle kuinunua Sun Microsystems, kampuni iliyoumiliki mradi huo, mwaka 2010, wachangiaji wengi walijitenga Septemba mwaka huohuo wakaunda The Document Foundation, na programu yao wakaiita LibreOffice. Jina OpenOffice lilibaki Oracle, kisha mwaka 2011 likakabidhiwa wakfu wa Apache. Kazi kubwa ya uendelezaji ilikuwa imehamia LibreOffice, lakini jina lililo vichwani mwa watu halikuhama. Oktoba 2020, miaka ishirini tangu msimbo wa OpenOffice.org ufunguliwe kwa umma, LibreOffice waliandika barua ya wazi kwa Apache OpenOffice wakiwaomba wawaelekeze watumiaji wao kwenye programu inayoendelezwa. Miaka kumi ya matoleo mfululizo ilikuwa haijatosha kulifuta jina la zamani. Timu inayotaka kubadili jina la programu wakati wa toleo jipya, kwa sababu tu nembo mpya inapendeza, ikisome kisa hiki mara mbili.

Maneno madogo yana hatari yake. Julai 2020, katika toleo la majaribio la LibreOffice 7.0, watu waliona maandishi mapya yakiitambulisha programu kama toleo la "Personal Edition". Lengo lilikuwa kuitofautisha na matoleo ya kampuni zinazouza huduma kwa taasisi, ambazo ndizo huajiri watengenezaji wengi wa programu hiyo. Wachangiaji hawakuwa wameandaliwa. Wengi walisoma maneno yale wakaelewa kwamba bei iko njiani, na bodi ikalazimika kutoa maelezo kuwa leseni haibadiliki. Maandishi yaliondolewa kabla ya 7.0 kutoka Agosti, na toleo la 7.1 la Februari 2021 likaja na neno "Community". Katika mradi wa kujitolea, wa kwanza kutangaziwa ni watu wa ndani. Wakilisikia jambo pamoja na magazeti, wao ndio watakaokuwa wapinzani wake wa kwanza, na wanajua pa kusemea.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kufuatilia haya kwa karibu. Desemba 2004 Dar es Salaam ilizinduliwa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili, kazi ya mradi wa Kilinux uliowakutanisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya Uswidi, IT+46. Yalihitajika maneno ya kila kitufe, kuanzia "hifadhi" hadi "chapisha", na yalipatikana. Uzinduzi ulikwenda vizuri. Ugumu wa kazi ya aina hiyo ni kwamba programu haikai palepale: kila toleo huleta sentensi mpya, na tafsiri isiyo na mtu wa kuifuata huanza kuwa na viraka vya Kiingereza. Katika LibreOffice kazi ya tafsiri sasa hufanyika kwenye jukwaa la Weblate, ambako kila lugha inaonyesha imefika wapi, na Kiswahili kimo. Mpango wa masoko unaotaja Kiswahili lazima utaje pia nani ataishika tafsiri mwaka wa pili, na kama kuna posho, itatoka mfuko gani. Uzinduzi wenye mgeni rasmi na maji ya chupa hugharimu zaidi ya mtafsiri wa miezi kadhaa, na kwenye bajeti nyingi ndio hupewa fedha kwanza.

Kwa taasisi kubwa, mpangilio wa hatua unaweza kuamua matokeo. Gendarmerie ya Ufaransa ilianza na OpenOffice.org mwaka 2005, watu wakiwa bado kwenye Windows. Kivinjari na barua pepe vikafuata. Mfumo endeshi ulipoanza kubadilishwa kutoka 2008, askari walikuwa wameshazoea programu zote walizozikuta kwenye Ubuntu, mfumo wa Linux. Munich ilipita njia iliyogonga vichwa vya habari zaidi. Hadi 2013 jiji hilo lilikuwa limehamisha kompyuta zipatazo 15,000 kwenda Linux na programu huria ya ofisi, likatengeneza hata kiambatanisho chake cha kusimamia violezo vya barua, WollMux. Kiufundi kazi ilikamilika. Lakini uongozi wa jiji ulibadilika, malalamiko ya kompyuta ya kila aina yakabandikwa jina la Linux, na mwaka 2017 baraza likaamua kurudi Windows. Mradi ulikuwa na mafundi wa kutosha. Ulichokosa ni wasemaji ndani ya baraza pale uungwaji mkono wa kwanza ulipokwisha.

Suala la kupima matokeo halihitaji maneno mengi. Idadi ya vipakuliwa hupendeza kwenye taarifa: kivinjari cha Firefox 3 kilipakuliwa mara 8,002,530 kwa saa 24 mwezi Juni 2008 na kuingia kwenye rekodi za Guinness. Lakini kipakuliwa kimoja huweza kusakinishwa na fundi kwenye kompyuta hamsini, na kingine kikafutwa jioni ileile. Kwa timu ndogo, afadhali kurudi kwa steshenari zilezile baada ya miezi mitatu na kuangalia ni kompyuta ngapi bado zinafungua barua kwa programu hiyo, na zile zilizoiacha ziliiacha kwa faili gani. Faili hizo zirudi kwenye lile kusanyo la nyaraka za majaribio.

Kitu cha mwisho kwenye kalenda kinasahaulika mara kwa mara, kwa kuwa kinakuja sherehe zikiwa zimekwisha. Toleo jipya kabisa huwa na makovu ambayo majaribio hayakuyaona, na marekebisho ya kwanza hufuata baada ya wiki chache. LibreOffice wenyewe huweka matoleo mawili kwa wakati mmoja, jipya kwa wanaopenda mapya na la nyuma yake kwa wanaotaka utulivu. Mtu wa masoko aliyekwisha kuahidiwa kikao na halmashauri au shule yenye kompyuta arobaini asiende na toleo la wiki ya kwanza. Aende na lile lililokwisha kurekebishwa, akiwa na nyaraka zao wenyewe zilizojaribiwa na namba ya simu ya fundi wa karibu, na akiulizwa kwa nini hakuleta lile jipya lililotangazwa juzi, awaambie sababu hiyohiyo.